Mikono ya Rinda la Nanjala

Kibandani kwangu,
Sokoni Kakamega,
12 Januari 2026.

Kwa dada yangu Jescah,

Pokea salamu zangu kutoka huku nyumbani, ambako jua la Januari limekausha hata sukuma za kando ya bafu. U hali gani huko Nakuru? Mgongo umetulia, au bado unakuuma ukisimama darasani muda mrefu? Shemeji na watoto wote wazima? Mwambie Mitchel kwamba sketi zake za shule nitazishona, asidhani mama yake mdogo amemsahau. Ni vile tu sijakalia cherehani kwa zaidi ya wiki mbili.

Mimi mzima wa mwili. Mama yupo, presha yake inapanda na kushuka, anameza dawa na kula obusuma, ugali wetu, kidogo na mboga. Kuku, ingokho yetu, hataki hata kuiona ikichinjwa. Miwa ya nyuma ya nyumba imekomaa na hakuna wa kuikata, maana watu wanaogopa kukanyaga bomani kwetu. Hizo ndizo habari za juu. Zilizobaki ndizo zilizonifanya nichukue kalamu.

Naandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Alhamisi uliponipigia uliongea, ukalia, ukaongea tena, kisha ukakata. Ulichotaka nilikielewa vizuri. Unataka Jumamosi hii, baba mdogo Andati atakapokaa na wazee wa ukoo, nisimame mbele yao kama fundi na kusema kwamba mikono ya rinda la wifi yetu Nanjala niliishona imara, kwa cherehani, mshono mara mbili. Wazee wakishasikia hivyo watasema basi mwanamke aliifumua mwenyewe ili amwaibishe mume wake mbele ya wageni, kwa hiyo alijitakia. Watu wa kwao wataambiwa hivyo, waone haya, waombe kesi itolewe kortini imalizwe nyumbani. Ndugu yetu Sylvanus atoke rumande. Ulisema damu ni nzito kuliko maji. Nilikujibu kwamba nitafikiria, na nimefikiria hadi kichwa kinauma.

Lakini wewe hukuwepo. Krismasi hii ilikuwa zamu yako kwenda ukweni, na yote uliyosikia umesikia kwa Mama na kwa baba mdogo. Sasa nisikilize mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyewavisha watu wote wa siku ile.

Unajua tulivyo na sare zetu za Desemba. Tangu watu wa boma la jirani yetu Osiako walipotokea mwaka juzi wamevaa wote rangi ya zambarau hadi mtoto wa kunyonya, Sylvanus hakulala. Mwezi wa kumi akafungua kikundi cha simu, akatuweka wote, akauliza tuvae nini. Unakumbuka ile vita? Wewe ulitaka lesi. Mama akasema lesi ni ya harusi. Baba mdogo akasema yeye hatavaa kitu chenye maua, kwamba yeye si pazia. Wiki mbili watu wanarushiana picha na maneno. Mwishowe Sylvanus akakata shauri peke yake kama kawaida yake. Kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano. Wanaume mashati, wanawake marinda ya mabega wazi, yasiyo na mikono kabisa, kama ya yule binti aliyekuwa kwenye picha aliyoitoa sijui wapi. Mama alinipigia faraghani akauliza mabega yake ya miaka sabini na mbili yanatafuta nini nje. Nikamshonea kijitandio cha kufunika, tukacheka.

Mshono huo aliuchagua Sylvanus mwenyewe, Jescah. Lishike hilo. Aliuchagua mwezi wa kumi akiwa amesahau kazi ya mikono yake, akaja kuikumbuka Desemba.

Nanjala alikuja kupimwa tarehe kumi na tatu, Jumamosi, mchana. Nilifunga mlango wa kibanda nikamwambia avue sweta. Hakuvua. Nikamwambia tena, nikimtania kwamba mimi si daktari wa kuchungulia. Akavua. Fundi wa nguo haambiwi siri za watu. Futi ya kupimia ndiyo inayomweleza. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba kiasi kwamba ulizidi wa kushoto kwa inchi mbili. Kuanzia begani hadi kwenye kiwiko kulikuwa na mistari, mingine myeusi, mingine bado ina maji, myembamba na mirefu. Nilimuuliza ni nini, akasema ni mkanda wa feni ya trekta. Kosa lake alikwenda kumwona mama yake mgonjwa Bungoma akalala siku moja zaidi. Chini ya ile mistari mipya kulikuwa na makovu niliyoyafahamu. Lile la pasi la mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili, pembetatu kabisa, ncha yake na yote. Lile la jino, maana alimuuma. Ya zamani niliyajua kwa sababu mimi ndiye niliyeyafunika.

Usishtuke ukisoma hapo, kwa sababu na wewe ulijua. Kila Desemba kwa miaka minne nimemshonea Nanjala mikono mirefu, kola ya juu, mgongo uliofungwa hadi kisogoni. Watu wa kanisa wakamsifu eti mke wa Sylvanus anajistahi. Nilikwambia mwaka ule wa pasi, ukasema ndoa ina mambo yake, avumilie. Mama nilimwambia mara mbili. Mara ya kwanza alilia, ya pili akaniuliza kama nataka kuvunja nyumba ya ndugu yangu kwa sababu yangu ilivunjika. Baba mdogo nilimwendea mwaka jana mwezi wa saba. Akanijibu kwamba wazee hawaingiangi chumbani kwa mtu, ila nikipata kitu cha kuonyesha mbele ya watu, niwaletee. Neno hilo nililibeba miezi yote.

Jumanne baada ya kumpima Nanjala, Sylvanus akaja kibandani. Alikuja na soda na nusu keki, akakaa juu ya meza ya kukatia, akachukua mkasi akaanza kujikata kucha huku akinitania kwamba nikizidi kunenepa nitashona nikiwa nimesimama. Wewe unamjua akiwa na furaha. Nilimpenda hapo hapo, dada, siwezi kukudanganya. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka mto nikiwa na malaria, na maji yakamfika kifuani. Kisha akasema, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, kwamba rinda la Nanjala nilitie mikono mirefu, kwa sababu huyo mtu huwanga anasikia baridi. Jua la Desemba lilikuwa linachoma mabati hadi yanalia. Nikamwambia sawa. Akaniangalia kidogo, akaniambia nitie mizuri, asije akaonekana amevaa kiraka. Akaurudisha mkasi mahali pake, akaondoka.

Basi tufike siku yenyewe, tarehe ishirini na sita. Dada, tulipendeza. Watu wapatao themanini, mahema mawili, na kijani chetu kimetapakaa uwanja wote. Mpiga picha alitupanga mara tano. Osiako na wake zake walikuja wakiwa wamenuna, na hilo tu lilimfanya Sylvanus atembee kifua mbele. Kila mtu aliyepita karibu nami alinisifia kazi. Shangazi Ayuma ndiye aliyeuliza kwa nini Nanjala peke yake ana mikono, na Sylvanus akamjibu kwa sauti kwamba mke wake ameokoka, si kama nyinyi wa kuanika mabega. Watu wakacheka. Nanjala naye akacheka.

Baada ya chakula ngoma za isukuti zikalia. Unajua isukuti haimwachi mtu amekaa, na inachezwa kwa mabega. Nanjala alikuwa anakusanya sahani. Shangazi Ayuma, na soda yake ile ya siri kichwani, akamshika mkono wa kulia akamvuta uwanjani. Alivuta mara moja tu. Mkono wote wa rinda ukatoka begani, ukabaki mikononi mwa Shangazi. Akacheka akidhani ni mchezo. Akashika na ule wa kushoto kumsaidia asawazishe, na wenyewe ukatoka.

Kisha akaona alichokuwa amekishika. Wote tukaona. Kila kitu kilikuwa pale, juani, saa tisa mchana, mbele ya pasta na mbele ya Osiako. Ngoma zikazima moja baada ya nyingine. Mama wa kanisa mmoja akamuuliza Nanjala ni nani amemfanya hivyo.  Nanjala alisimama tu, mikono imening'inia, na wala hakujifunika. Watu wakaanza kugeuza macho, hadi yote yakamfikia Sylvanus.

Alicheka kwanza. Akasema huyu mwanamke ni mwigizaji, huwanga anajikuna. Hakuna aliyemfuata kwenye kicheko. Uso wake ukabadilika, akamwendea, akachukua ule mkono wa rinda kutoka kwa Shangazi, akautazama pale nyuzi zilipoachia. Akamuuliza Nanjala nani amefumua hii. Nanjala akasema hajui. Akamuuliza tena. Nanjala akasema kweli hajui, auawe kama anajua. Sylvanus akampiga ngumi ya mdomo. Nilisikia meno, Jescah, nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Nanjala akaanguka juu ya sahani. Akamshika nywele akamwinua, akampiga tena, akamburuta hadi jikoni nje, pale wanawake walipokuwa wanakata nyama. Shantel wao alikuwa ameshika mguu wa babake analia, na babake akamtupa pembeni kama mtu anayevua kiatu. Mara ya tatu akauliza, ni nani amefumua. Wakati huo panga la kukatia nyama lilikuwa tayari mkononi mwake.

Nanjala alikinga kichwa kwa mkono wa kushoto. Panga likashuka mara mbili. Pigo la kwanza lilivunja mfupa. La pili likauacha mkono umeshikiliwa na ngozi. Damu iliruka ikanifika mimi kifuani na usoni, na ilikuwa ya moto. Aliinua la tatu, ndipo Osiako, ndiye huyo huyo tunayemwonea wivu wa sare, akamrukia kwa nyuma akiwa na kiti. Panga likamchana Osiako paja. Vijana sasa wakaja. Walimpiga ndugu yetu kwa viti, kwa mawe ya jikoni, kwa mchi. Taya likavunjika, jicho moja likafumba. Kuna aliyekuwa anaita petroli ya pikipiki iletwe, na petroli ikawa inakuja. Mama akajilaza juu yake, kijitandio chake kimelowa, akawaambia wawachome wote wawili. Hapo ndipo walipotulia. Hayo Mama hakukusimulia, najua.

Nanjala alipelekwa hospitali kwenye gari la pasta, mkono umefungwa kwa shati la kijani. Madaktari hawakuweza kuuokoa. Waliukata chini kidogo ya kiwiko.

Sasa, dada yangu, vuta kiti ukae.

Mikono ile ya rinda sikuishona kwa cherehani. Niliipiga bandi tu, ile mishono mirefu ya sindano ambayo fundi huitumia kushikilia kitambaa kabla hajakishona kikweli. Nilichagua uzi mbovu, ule wa bobini ya zamani unaokatika ukiupulizia. Kisha nikapiga pasi vizuri hadi mtu asiyejua kazi asione tofauti. Nilifanya hivyo nikiwa na akili zangu timamu, siku tatu kabla ya Krismasi, redio ikiimba. Nilitaka itoke. Baba mdogo alitaka kitu cha kuonyesha mbele ya watu, nami nikaona nitamletea mbele ya watu wote. Nilidhani wazee wataona haya, watamkalisha Sylvanus, watampiga faini ya ng'ombe, watamrudisha Nanjala kwao apone. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nikasema acha niumbue mimi kabla ya kifo. Nilimchagulia mwanamke wa watu nguo ya kumvua mbele ya umati bila kumuuliza. Sikumwambia hata neno. Nilimvalisha mwenyewe asubuhi ile, nikamfunga zipu, nikamwambia amependeza.

Hilo ni nusu. Nusu ya pili ndiyo inayonitoa usingizi. Sylvanus aliuliza mara tatu ni nani amefumua. Mara tatu, na nafasi ya kujibu katikati. Nilikuwa pale. Jibu lilikuwa neno moja, ni mimi. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Nikaliona lile panga, nikamwona jinsi alivyokuwa, nikaufunga. Nilimwogopa ndugu yangu kwa nusu dakika tu, na katika hiyo nusu dakika nikamwacha Nanjala alipie kazi yangu kwa mkono wake. Yeye ameishi na hofu hiyo miaka tisa, na sisi tukimwambia avumilie.

Kwa hiyo, Jescah, ushahidi unaoutaka siwezi kuutoa, kwa sababu ni uongo na kwa sababu mwongo ni mimi. Na hata kama Nanjala angeifumua ile mikono yeye mwenyewe kwa meno yake, mbele ya gavana, bado mkono wake ulikuwa wake. Hilo ndilo nitakalowaambia wazee Jumamosi kama watanipa nafasi. Wakikataa kunisikiliza pia sawa, kwa sababu Ijumaa nilikwenda polisi nikaandikisha yote, kuhusu pasi, kuhusu mkanda wa trekta, kuhusu uzi, na kuhusu mdomo wangu uliofungwa. Afisa aliniuliza kama najua ninamshtaki ndugu yangu wa tumbo moja. Nikamwambia najua, hata ndevu za kwanza za huyo ndugu nilizichezea. Nikatia sahihi. Mama bado hajui, nawe usimwambie kwa simu, nitamwambia mwenyewe nikiwa nimekaa karibu na dawa zake.

Kutoka polisi nilikwenda moja kwa moja wodini. Nanjala amelala karibu na dirisha, midomo imeshonwa, Shantel amekaa miguuni anachora. Nilimtuma mtoto anunue maji, nikamweleza mamake kila kitu, kama nilivyokueleza wewe, bila kujipaka mafuta. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakunitukana. Hakunisamehe pia, na sikuomba. Mtoto aliporudi, mamake akanywa maji, akanigeuzia uso. Akaniuliza kwa ile sauti yake ya sasa inayopita kwenye mapengo, mulamwa, wifi yangu, uko na futi ya kupimia hapo? Nikasema huwa haitoki kwenye mkoba. Akasema kesi inatajwa tarehe mbili mwezi ujao, na yeye atakuwepo hata kama atabebwa. Anataka rinda la kwenda nalo, rangi yoyote, ila si kijani. Nikamuuliza mikono niitie ya urefu gani. Akaniambia hii safari nisitie mikono.

Nikampima. Bega la kulia, bega la kushoto, kifua, kiuno. Alinyoosha mkono wake mzima, kisha akanyoosha na ule mwingine, akangoja nimalize. Kesho nitafungua tena kibanda kwa kazi na kukata kitambaa chake.

Msalimie shemeji na watoto. Ukitaka kunichukia nichukie, lakini mpigie Mama, usimwache peke yake na haya. Na kama nauli ipo, tarehe mbili njoo ukae upande wa Nanjala, kwa sababu nimehesabu waliosema watakuja kukaa upande ule na kwa sasa ni mimi na Osiako na mguu wake. Mungu akulinde barabarani na darasani, na huo mgongo uupake dawa.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukupenda na mwenye makosa,

Rosebella.